Muziki Unasikika, Maneno Hayasikiki: Kuunganisha Kompyuta na Hom Thieta



Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Mutituni kilinialika tutazame pamoja filamu ya mafunzo juu ya kuchimba matuta ya fanya juu, kabla ya mvua za Oktoba. Mama mwenye nyumba alikuwa na hom thieta nzuri aliyoletewa na mwanawe kutoka Nairobi, yenye spika tano ndogo na sabufa moja kubwa. Kompyuta ilikuwa ya kikundi, ile ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Waya ikaunganishwa, filamu ikaanza. Tulisikia ngoma, tulisikia ndege, hata jembe likigonga mawe. Lakini yule mkulima alipoanza kueleza vipimo, ilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, tena kwa mbali.

"Spika zimekufa," akasema mmoja. Fundi aliyepigiwa simu akataka shilingi 3,500 ili aje kufungua. Mweka hazina naye alikuwa ameshaanza kuhesabu pesa za mbegu, ati kikundi kinunue mtambo wake. Mama mwenye nyumba akanigeukia: "Mwalimu, hii kitu imeharibika kweli?" Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mwaitu. Tusiguse pesa za mbegu bado."

Hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika. Mimi si fundi wa stima, niliyo nayo ni diploma ya kazi za jamii, lakini nimebeba kompyuta na spika katika mikutano mingi na jambo hili nimekutana nalo zaidi ya mara moja. Kwa hivyo naona vizuri nilieleze hapa.

Hom thieta nyingi huandikwa 5.1. Hiyo tano ni spika: ya kushoto, ya kulia, ya katikati, na mbili za nyuma. Nukta moja ni sabufa, ambayo hupewa sauti nzito tu, zile za chini ya mitetemo 120 hivi kwa sekunde. Sikio la kijana mzima husikia kutoka mitetemo 20 hadi 20,000, kwa hivyo unaona sabufa peke yake haiwezi kutamka neno likaeleweka, hata uiongeze namna gani. Mpango huu ulitoka kwenye sinema. Filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ilionyeshwa kwa sauti ya Dolby Digital ya namna hii, na DVD zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 zikauleta mpaka sebuleni.

Sasa shika hili: wanaotengeneza filamu za 5.1 huyaweka maneno ya watu hasa katika spika ya katikati. Muziki, mvua na magari hutawanywa kwa zile zingine. Spika ya katikati ikikosa sauti, filamu inabaki na kelele bila maneno.

Tazama nyuma ya kompyuta ya mezani. Utaona matundu madogo yenye rangi. La kijani ni la spika za mbele, yaani kushoto na kulia. Jeusi ni la spika za nyuma. La rangi ya machungwa ni la katikati pamoja na sabufa. La waridi ni la maikrofoni na la buluu ni la kuingizia sauti, hayo mawili usiyatumie kwa spika. Lakini hom thieta nyingi za majumbani hazina mahali pa kupokea waya zote tatu. Nyuma yake kuna matundu mawili tu yaliyoandikwa AUX IN, jekundu na jeupe. Waya inayotakiwa ina kichwa kimoja kama cha earphone upande mmoja, na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Huuzwa kwa pesa kidogo katika duka lolote la redio.

Waya hiyo hubeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Hapo ndipo tulipokwama Mutituni. Aliyeitumia ile kompyuta kabla ya kikundi alikuwa ameiambia kwamba ina spika sita. Nayo ilitii! Maneno ya mkulima iliyapeleka kwenye tundu la machungwa, ambalo halikuwa na waya yoyote, na sisi tukabaki na ngoma.

Dawa yake ni kuiambia kompyuta ukweli, kwamba ina spika mbili. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha bonyeza Enter. Chagua "Speakers", halafu "Configure", halafu "Stereo", uendelee mpaka mwisho. Sasa kompyuta itachanganya maneno ya katikati ndani ya kushoto na kulia. Ukitaka spika zote tano zilie, tumia kitufe cha "surround" kwenye rimoti kama kipo. Hapo hom thieta yenyewe inagawa zile njia mbili kwa makadirio. Si 5.1 ya kweli, lakini inatosha kwa mkutano.

Kabla hujafika huko kwote, sukuma kichwa cha waya mpaka mwisho. Nasema hivi kwa sababu kichwa kilichoingia nusu huleta ugonjwa ule ule. Ile sehemu ya waya inayotumiwa na pande zote mbili ikikosa kugusa, sauti ya kushoto na ya kulia hutoana. Kile kilicho sawa pande zote, na mara nyingi ni sauti ya mtu, hufutika. Kinachotofautiana hubaki. Watu wamepeleka redio kwa fundi kwa ajili ya hiyo tu.

Wenye laptopu, lile tundu la earphone hutoa njia mbili tu. Ukitaka zote sita utumie HDMI, na hapa soma maandishi vizuri. Hom thieta nyingi za DVD zina HDMI OUT pekee, yaani inatoa picha kwenda kwenye televisheni. Kuchomeka laptopu hapo ni kama kumimina maji kwenye mdomo wa bomba. Lazima pawe na HDMI IN. Ikiwa haipo, tazama kama televisheni na hom thieta zote zimeandikwa ARC. Kama zimeandikwa, chomeka laptopu kwa televisheni, na kutoka lile tundu la ARC la televisheni sauti itarudi kwa hom thieta kwa waya nyingine ya HDMI. Televisheni zingine hupitisha njia mbili tu, usishangae. Bluetooth nayo ni sawa kwa muziki, ila kwenye filamu midomo hutangulia na sauti hufuata.

Jambo la stima ni la maisha. Unganisha waya wakati vyombo vyote vimezimwa na sauti iko chini kabisa. Waya zinazotoka kwenye hom thieta kwenda kwa spika zisiingizwe kwenye kompyuta hata kwa kujaribu, zina nguvu ya kuiunguza. Na ukisikia mngurumo wa "mmmm" usioisha, mara nyingi ni kwa sababu vyombo vimechomekwa soketi tofauti. Vitie vyote kwenye ekstensheni moja. Nimeona vijana wakikata ule mguu mrefu wa plagi ya miguu mitatu ili mngurumo uishe. Tafadhali msifanye hivyo! Mguu ule ni wa athi, na stima yetu ni volti 240. Chombo kikipata hitilafu, bila athi stima itapita kwako.

Tukiwa na wazee, mimi hupunguza sabufa kwanza kabla ya kuongeza sauti. Masikio yanapozeeka hupoteza sauti nyembamba mbele ya zingine, na herufi kama s, f na t ziko huko. Sabufa ikinguruma ndiyo inazifunika. Na ile namba kubwa ya PMPO kwenye kartoni isikupumbaze, hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa nyuma yake. Uliza RMS.

Basi jioni ile tulirudisha filamu mwanzo. Mkulima akasema mtaro uwe sentimita 60 upana na 60 kwenda chini, udongo utupwe upande wa juu. Mama mmoja aliyechimba matuta tangu usichana akaanza kubishana naye kana kwamba yuko pale sebuleni, na ikabidi tusimamishe filamu mara tatu.