Mbona Muvi Kwa TV Inakatwa Kando?

Ushawahi kucheki muvi kwa TV, msee anaongea lakini unaona pua tu kwa kona? Manze, TV yako haijaharibika. Muvi nyingi za sinema huwa na umbo la 2.39:1, lakini skrini yako ni 16:9. Stesheni ikitaka kuijaza bila ile mistari myeusi juu na chini, inavuta picha, na kama robo ya upana inaenda.

Halafu kuna saa. Kenya, mambo ya watu wazima hayaruhusiwi hewani kuanzia saa 11 asubuhi hadi saa 4 usiku. Muvi ikiwekwa mapema, hizo sehemu zinachujwa.

Kwa hivyo ukiona mistari myeusi, tulia. Hiyo ndiyo picha yote.