Mwani wa Miambani na Majira Yake

Mtu ashukaye pwani siku za bamvua, maji yakiisha kupwa, huona miamba imevikwa mimea ya kijani, ya hudhurungi na myekundu. Huo ndio mwani. Hauna mizizi ya kufyonza chakula ardhini. Hujishika mwambani kwa shikizo, na chakula chake hukitwaa majini kwa mwili wake wote. Kwa hiyo maji yakigeuka, nao hugeuka.

Katika Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4, na hupwa sana yapata saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, maji hufikia joto la digrii 30, na katika vidimbwi vya miambani huzidi hapo. Mwani ulio juu hukauka ukawa mweupe. Wa chini, usioachwa na maji, husalimika. Masika mvua hupunguza chumvi, na hapo mwani mwembamba wa kijani huvumilia kuliko mwekundu.

Kusi likivuma, maji hupoa hata digrii 25 hivi. Mawimbi huung'oa mwani mrefu wa hudhurungi, yakautupa ufuoni marundo marundo. Wengi hudhani umekwisha. Sivyo: mashikizo yaliyobaki mwambani huchipua tena. Basi aokotaye mwani na akate, asibandue shikizo.

Mambo haya yawahusu sana wakulima. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na walimao wengi ni wanawake. Hupandwa aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei, nayo ndiyo iliyoshindwa mahali pengi, maana haistahimili joto: matawi hupauka, hulegea, hukatika. Dawa iliyo dhahiri ni kuzihamisha kamba penye kina, ambako maji ni baridi zaidi. Lakini si haki kumwambia hayo mwanamke asiyejua kuogelea wala hana mtumbwi, bila kumfundisha na kumsaidia chombo.

Asiyeweza kuhama na atazame kamba zake kila bamvua wakati wa kaskazi. Tawi lililopauka alikate mara moja, avune mapema yaliyo mazima, na mbegu aitwae katika matawi machanga yenye rangi iliyokoza.