JE, WAJUA? Riwaya Iliyotoka Ubena

Je, wajua kwamba mojawapo ya riwaya za Kiswahili zinazokumbukwa zaidi kuhusu uchawi inatupeleka Ubena, jirani kabisa na Ludewa? Ni *Mirathi ya Hatari* ya Claude Mung'ong'o, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Gusto, kijana msomi, anarithi uchawi wa baba yake, mali asiyoweza kuikataa kirahisi.

Mwaka 1980 mwandishi huyohuyo akatoa *Njozi Iliyopotea*, akigeukia Ujamaa na vijiji vyake. Kutoka tunguri hadi siasa! Kisha akazama katika utafiti: tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Stockholm, 1995, inahusu jamii na mazingira ya milima ya Kondoa Irangi. Kwa maoni yangu, si mbali na riwaya zake. Kote anachungulia jinsi wanavijiji wanavyoishi na mabadiliko wasiyoyaanzisha wao.

Nawe msomaji wa Ludewa, Wapangwa, Wakisi na Wamanda nao wana visa vyao vya kuandikwa. Anza na babu au bibi yako: kaa naye, uliza, andika.