Je, Wajua? Paneli ya sola haiogopi shoti
Gusanisha waya chanya na hasi wa paneli ya sola juani: haiungui. Haiwezi kutoa mkondo kupita ule jua linaoiruhusu. Ya wati 50 hutoa ampea 3 hivi, basi. Kontrola rahisi ya kuundwa nyumbani, yaani kidhibiti cha chaji ya betri, husimama juu ya siri hiyo. Betri ya tindikali ya volti 12 ikifika kama volti 14.4, transista huipiga paneli shoti, chaji ikakoma. Mbona betri nayo haipigwi shoti? Ingepigwa, na nyaya zingewaka, kama si dayodi iliyo katikati, ndogo kama punje ya haragwe, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Usiku, hiyohiyo huzuia umeme wa betri kurudi kwenye paneli.

Wapo wanaoiona kontrola anasa, maadamu paneli na betri zote zimeandikwa 12. Namba hiyo inadanganya: paneli hiyo, bila mzigo, hufika volti 21 hivi. Betri iliyojaa ikizidi kusukumiwa chaji, maji yake hutoa mapovu ya hidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Na kwa kuwa betri ikipigwa shoti nyaya huwaka, fundi, usisahau fyuzi karibu na ncha chanya ya betri.