Ukombozi wa Gondar, 1941: Askari wa Keya na Lugha Yao

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mji wa Gondar, ulioko katika milima ya kaskazini mwa Ethiopia, ulivyokombolewa mwaka wa 1941, na nafasi ya askari wa Afrika Mashariki katika ukombozi huo.

Waitalia waliutwaa Gondar mnamo Aprili 1936. Ingawa Mfalme Haile Selassie alirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, vita havikuishia hapo, kwani Jenerali Guglielmo Nasi aliendelea kuushikilia mji huo. Ngome yake kuu ilikuwa milima yenyewe. Barabara itokayo Asmara ilizibwa kwenye magenge ya Wolchefit, na ile itokayo Dessie ikazibwa Kulkaber. Aidha, mvua kubwa za Juni hadi Septemba ziliharibu njia na kuchelewesha mashambulizi.

Wolchefit ilisalimu amri mwishoni mwa Septemba. Kulkaber ilitekwa tarehe 21 Novemba baada ya mapigano makali. Siku sita baadaye, yaani tarehe 27 Novemba, Gondar ulianguka, na zaidi ya askari 20,000 wakawa mateka. Walioutwaa ni majeshi ya Uingereza, wengi wao wakiwa askari wa King's African Rifles, maarufu kama Keya, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Bega kwa bega nao walikuwamo wazalendo wa Ethiopia, ambao walikuwa wamempinga mvamizi tangu mwanzo.

Askari wa Keya walitoka katika makabila mengi yasiyo na lugha moja ya mama. Walio wengi waliunganishwa na Kiswahili cha jeshini, kijulikanacho kama KiKAR. Lahaja hii ilidharauliwa kwa kutozingatia upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, amri inayotolewa chini ya risasi haipimwi kwa usanifu wake, bali kwa kueleweka kwake. Kwa mintarafu hii, KiKAR kinastahili kuchunguzwa kama lugha iliyotimiza kazi yake, wala si kama kosa la kusahihishwa.

Isitoshe, wasemaji wake wana fumbo lao katika historia. Waliwarejeshea wenzao mji wao, kisha wakarudi makwao kutawaliwa. Kenya ilisubiri hadi tarehe 12 Desemba 1963 kupata uhuru wake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mganga hajigangi.