Dragon Ball Z iliyosafishwa upya: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama pesa yako inatosha toleo moja tu, nunua Dragon Ball Z Kai kwenye Blu-ray, vile vipindi 98 vya kwanza, halafu simama hapo. Kama huna mashine ya Blu-ray na hutanunua mwaka huu, tafuta Kai hiyohiyo kwenye DVD. Anayeharakia dukani anaweza kuishia hapa. Maelezo yanayofuata ni ya yule aliyekwisha kutajiwa bei na muuzaji anasubiri jibu.

Tuanze na mzigo wenyewe. Dragon Ball Z ilirushwa na Fuji TV ya Japani kuanzia Aprili 1989 hadi Januari 1996, vipindi 291, kazi ya studio ya Toei Animation kutokana na hadithi ya Akira Toriyama. Ilipigwa kwenye filamu ya milimita 16, na hiyo ni heri kwa mnunuzi. Filamu hiyo ina undani ambao televisheni za miaka ile hazikuweza kuuonyesha, kwa hiyo kuisafisha upya kidijitali si porojo za wafanyabiashara. Kipo cha kutolewa mle ndani. Katuni iliyobaki kwenye mkanda wa video peke yake haina akiba hiyo. Ukiambiwa imepandishwa ubora, mara nyingi umeuziwa picha ileile iliyovutwa.

Ubaya ni gharama. Filamu hupita fremu 24 kila sekunde. Kipindi cha dakika 24 kina fremu zaidi ya 34,000, na vipindi vyote 291 vinapita fremu milioni 10. Kila fremu inaweza kuwa na vumbi lake, mkwaruzo wake, doa lake. Ama mtu akae azipitie moja moja, ama programu ipitishwe juu ya zote kwa mkupuo. Njia ya kwanza inakula pesa na miezi. Ya pili ni nafuu, na unafuu huo unaonekana kwenye kioo.

Unaonekana hivi: programu ya kuondoa chenga haijui tofauti kati ya chenga na mstari wa kalamu. Ikikazwa sana hufuta punje za filamu, ambazo ni sehemu ya picha, kisha huendelea kula mistari myembamba ya nywele, mikunjo ya nguo na nyufa za mawe. Rangi hubaki bapa, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi. Wako wanaopenda mng'ao huo, na siwagombezi. Ila wajue wamelipia picha iliyopunguzwa.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi na ni rahisi kuikamata. Katuni hii ilichorwa kwa televisheni za zamani zenye kioo cha uwiano wa 4 kwa 3. Televisheni za siku hizi ni pana, 16 kwa 9. Ili picha ijaze kioo kipana, wauzaji wengi hukata juu na chini, na ukikata hivyo unapoteza karibu robo ya picha. Vichwa vinakosa nywele, na kwa katuni hii nywele si jambo dogo. Mwaka 2019 The Simpsons ilipoingia Disney+ ikiwa imekatwa namna hiyo, watazamaji walilalamika kwamba hata vichekesho vimepotea. Katika tukio moja kiwandani bia aina tatu zinatoka kwenye bomba moja lililo juu. Ukikata juu, bomba halionekani na kichekesho kimekufa. Mei 2020 kampuni ikawarudishia watazamaji chaguo la picha nzima.

Jaribio la dukani halichukui dakika. Mwambie muuzaji aweke diski kwenye televisheni ya kisasa, au akutumie picha ya kioo ikicheza. Ukiona mistari miwili myeusi, kulia na kushoto, picha ina umbo lake la asili. Ikijaza kioo chote, imekatwa, au imevutwa mpaka shujaa Goku amekuwa mnene. Usiogope hiyo mistari myeusi. Ndiyo dalili kwamba hujaibiwa.

Sasa matoleo yenyewe. Nayataja kwa mpangilio wa yale utakayokutana nayo sokoni, si kwa ubora.

Maboksi ya DVD ya rangi ya chungwa, tisa kwa jumla, yalitoka Marekani kuanzia 2007. Haya ndiyo yaliyozagaa, na mtumba wake ndio wa bei ya chini kuliko yote. Yamekatwa 16 kwa 9 na chenga zimeondolewa kwa nguvu. Faida yake ni sauti: unachagua Kijapani, au Kiingereza chenye muziki wa Kijapani, au Kiingereza chenye muziki uliotungwa Marekani. Kama ulikua na huo muziki wa Kimarekani, usinunue toleo jingine lolote kabla ya kusoma nyuma ya boksi, maana si yote yanao.

Blu-ray za misimu tisa za mwaka 2013 na 2014 ni kali zaidi kwa macho, lakini kasoro ni zilezile: zimekatwa na zimelainishwa. Unalipia ubora wa juu wa picha pungufu. Kwa bei ya kawaida siziafiki. Zikishushwa bei mpaka zikaribie zile DVD za chungwa, sawa.

Kisha kuna toleo la kumbukumbu ya miaka 30 la mwaka 2019, na maboksi ya chuma yaliyofuata kuanzia 2020 kwa picha hiyohiyo. Haya yana uwiano wa 4 kwa 3, jambo zuri, lakini yamelainishwa na rangi zimekolezwa. La kumbukumbu lilitolewa kwa idadi maalumu likiwa na mapambo, na kwenye mtumba mapambo hayo ndiyo yanayopandisha bei. Ukitaka vipindi vyote 291 kwenye Blu-ray, chukua ya chuma. Utaona kilekile bila kulipia sanamu na kitabu cha picha.

Yale wanayoyasifia mashabiki ni mengine. Dragon Box ya Japani ilianza kutoka 2003, boksi la kwanza likiuzwa karibu yeni 100,000. Marekani ikaitoa kwa maboksi saba kati ya 2009 na 2011. Picha nzima, rangi za asili, usafishaji wa heshima. Lakini ni DVD, haichapishwi tena, na anayeuza leo anamuuzia mkusanyaji, si mtazamaji. Usiinunue, isipokuwa umemkuta mtu anahama nyumba na hajui alichonacho.

La mwisho ni Level, na linastahili kutajwa kwa sababu linaeleza kwa nini tumefika hapa. Mwishoni mwa 2011 kampuni ya Marekani, Funimation, iliamua kufanya kazi ya haki: kurudi kwenye filamu, kusafisha fremu kwa fremu, kuacha punje na umbo la asili. Yalitoka maboksi mawili tu, yasiyofikisha hata vipindi 40, na mwanzoni mwa 2012 mradi ukasimamishwa kwa sababu gharama na muda havikulipa. Ukiyaona, ni mazuri. Ila umenunua mwanzo wa hadithi usio na mwisho, na hakuna wa kuumalizia.

Ndiyo maana nimesema Kai. Toei waliitoa mwaka 2009 kwa kumbukumbu ya miaka 20, wakairudisha picha kwenye ubora wa juu, wakaingiza sauti upya na kukata sehemu za kuvuta muda, zile ambazo watu wanatunishiana misuli kipindi kizima bila ngumi kurushwa. Vipindi 194 vya kwanza vikawa 98. Kwenye diski, vipindi hivyo viko 4 kwa 3. Unapata hadithi mpaka mwisho wa adui Cell kwa nusu ya diski, nusu ya muda na mara nyingi nusu ya bei.

Kai nayo ina madoa. Mwaka 2011 muziki wake wa kwanza uliondolewa kufuatia madai kwamba mtunzi alinakili kazi za wengine, ukarudishwa muziki wa zamani wa Shunsuke Kikuchi. Kwa hiyo diski hutofautiana sauti kulingana na wakati zilipochapishwa. Na sehemu ya mwisho, ya adui Majin Buu, iliyotengenezwa baadaye na kurushwa 2014 na 2015, imekatwa 16 kwa 9 na ina ukijani usiopendeza. Kwa sehemu hiyo ni afadhali utafute msimu wa 8 na wa 9 wa Z ya kawaida kwenye yale maboksi ya chuma.

Nikitaja misimu, angalia mtego huu. Maboksi tisa ya misimu huuzwa kwa bei zinazokaribiana, lakini vipindi havilingani. Msimu wa 1 una vipindi 39, wa 2 una 35, wa 3 una 33, wa 4 una 32, wa 5 una 26, wa 6 una 29, wa 7 una 25, wa 8 una 34 na wa 9 una 38. Tuseme kila boksi ni dola 30: msimu wa 1 unakugharimu senti 77 kwa kipindi, wa 7 dola 1 na senti 20. Msimu wa 7 wenyewe una mashindano ya akhera kabla hadithi haijakaa sawa, kwa hiyo ukibanwa, huo ndio wa kuruka.

Bei ya kwenye boksi bado si bei yako. Kwa DVD, Marekani ni kanda ya 1, Japani, Ulaya na Ghuba ni kanda ya 2, na Kenya na Tanzania ziko kanda ya 5. Maana yake DVD halali ya huko haitacheza kwenye deki ya huku kama haijafunguliwa kwa kanda zote. Deki nyingi za bei nafuu hufunguliwa kwa namba za rimoti, basi jaribu kabla hujatoa pesa. Blu-ray ina kanda tatu: Marekani na Japani ni A, Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba ni B. Hivyo diski ya Uingereza itacheza Mombasa na Muscat bila vurugu, ila ya Marekani inategemea alama iliyo nyuma ya boksi. Baadhi zina alama zaidi ya moja. Omba picha ya mgongo wa boksi, na muuzaji akikataa kuituma, achana naye.

Mashine ya Blu-ray ni adimu Kariakoo na hata Nairobi mjini, lakini mashine nyingi za gemu zenye mlango wa diski huicheza. Uliza kijana wako kabla hujanunua nyingine.

Usafirishaji hupimwa kwa kilo na ukubwa. Ukiagiza kutoka nje, ongeza VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, juu yake ushuru na ada za wakala. Njia ya bei nafuu ni ndugu anayekuja likizo. Diski zitolewe kwenye maboksi, ziwekwe kwenye mfuko wa CD na makava yake ya karatasi, na kilo zinabaki za zawadi. Ukifanya hivyo, bei ya kuuza tena itashuka. Kama unanunua ili uje uuze, lipia kilo.

Kutazama mtandaoni kunaonekana rahisi mpaka upige hesabu ya bando. Vipindi 291 vya dakika 24 ni saa zipatazo 116. Kwa makadirio ya kawaida ya gigabaiti 1 kwa saa katika ubora wa wastani na 3 katika ubora wa juu, ni gigabaiti 116 au karibu 350. Vile vipindi 98 vya Kai ni kama saa 39. Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, mtandaoni ndiko nafuu. Anayenunua bando la siku, diski itamshinda bei kabla hajafika kwa adui Freeza. Na kabla ya kulipia mwezi, ingia uangalie kama katuni hii ipo kwa nchi yako, kwani orodha hubadilika ukivuka mpaka.

Flashi iliyojazwa vipindi vyote kibandani haina leseni, na mara nyingi ni hilihili toleo lililokatwa, limebanwa mpaka giza linatoka vigae. Diski bandia zinazouzwa kama halali zina dalili yake: DVD moja yenye vipindi 20 au 30. Boksi halali hubeba kama sita au saba kwa DVD.

Hesabu ya kuponi ya nakala ya kidijitali iliyomo ndani ya boksi iwe sifuri. Aprili 2024 huduma ya mtandaoni ya Funimation ilipofungwa na wateja kuhamishiwa Crunchyroll, nakala walizofungua kwa kuponi hizo hazikuhamishwa. Muuzaji akipandisha bei kwa sababu kuponi haijakwanguliwa, mwambie aitoe abaki nayo, akupunguzie.