Breki za Upepo



Wengi wetu huja madrasa kwa basi, lakini ile sauti ya "pshhh" basi linaposimama hutoka wapi? Huo ni upepo. Breki za gari dogo hutumia mafuta, lakini basi kubwa hutumia upepo. Injini huendesha pampu, na pampu hujaza upepo kwenye matangi yaliyo chini ya basi. Dereva akikanyaga, upepo husukuma breki na magurudumu hubanwa. Akiachia, upepo hutoka nje, nasi tunausikia. Ndiyo maana asubuhi dereva huwasha gari kisha akangoja. Upepo bado haujajaa. Na ukivuja wote, springi nzito hubana magurudumu zenyewe, basi likagoma kwenda. SubhanaAllah, binadamu kajaaliwa akili!

Hata hivyo, breki nzima haisimamishi basi papo hapo. Basi kubwa lililojaa abiria huzidi tani 10, na likiwa kasini huenda mbali kabla ya kusimama. Tena dereva ameketi juu. Mtoto mfupi aliye karibu kabisa na pua ya basi haonekani, na aliye nyuma ndiyo kabisa.

Kwa hiyo ukishuka, usivuke mbele ya basi wala nyuma yake. Ngoja liondoke, utazame pande zote mbili. Nanyi wazazi, kazi hii msimwachie kondakta. Mtoto mdogo ashikwe mkono mpaka ng'ambo.